Haji Sadiq Akwepa Kima cha Chini

Habari za kima cha chini cha mshahara zilimkuta Haji Sadiq chooni. Redio ya jirani ilikuwa imefunguliwa sauti ya juu kama kawaida yake, na mtangazaji akawa anasema kwamba bungeni kuna watu wamefufua ule mswada wa mishahara: kila mfanyakazi alipwe kiasi fulani kwa mwezi, na mwajiri atakayelipa chini ya hapo apelekwe mahakamani. Kiasi chenyewe hakikueleweka. Mmoja alisema laki na nusu, mwenzake akamkatiza akasema laki mbili na nusu, halafu likaja tangazo la sabuni. Haji akaondoka na ile laki mbili na nusu, maana ndiyo iliyomchoma. Alitoka mle ndani akitweta, kanzu imekunjwa kiunoni, hata mikono hajaikausha.

Sasa huyu Haji Sadiq ndiye mwenye jiko la sambusa lililo nyuma ya nyumba yake hapo Ntinda. Babu wa babu yake alikuja Buganda na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, akauza vitambaa, akaoa, akazikwa huku huku, na wajukuu zake hawajaacha kuwakumbusha watu habari hiyo mpaka leo. Kanzu yake ilikuwa safi, Kiswahili chake safi, na sambusa zake, tuseme haki ya Mungu, hazikuwa na mpinzani. Asubuhi zilikwenda maofisini Bugolobi. Jioni zilikwenda Kabalagala, kwenye mabaa, ambako walevi walizitafuna kwa pilipili na kushushia na bia. Ukimuuliza inakuwaje mtu wa safu ya mbele msikitini awalishe walevi, alikujibu kwamba yeye anauza unga na nyama tu, anachoshushia mteja ni shauri lake na Mola wake.

Sambusa hizo zilikunjwa na wanawake sita. Mkubwa wao alikuwa Alum, mama wa miaka hamsini na ushei, mjane wa askari polisi, Mkatoliki wa rozari shingoni, aliyekuwa pale tangu jiko lina sufuria mbili. Mwenye mdomo alikuwa Adoch, binti wa sajini, aliyezaliwa na kukulia kambini, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko kambini, hakimwogopi mtu. Kila mmoja alilipwa elfu nne kwa siku, na mchana sahani ya posho, yaani ugali, na maharage.

Mtu akiuliza habari ya kuongezwa, Haji alikuwa na wimbo wake. Alifumba macho, akainua viganja, akasema, "Faida hakuna, jamani. Nyama imepanda, mafuta yamepanda, mabaa hayalipi. Nawaweka hapa kwa ajili ya Mungu tu." Aliimba vizuri mno. Wanawake wale walifika mahali pa kumwonea huruma.

Uongo mtupu! Faida ilikuwepo, tena ya kunona. Ukishatoa nyama, unga, mafuta, makaa na mishahara, Haji alibaki kila mwezi na milioni nne na laki nane, na mwezi mzuri alibaki na tano. Pesa hizo alikuwa akizirundika benki kwa ajili ya harusi ya Iman, mtoto wake wa pekee, aliyekuwa anaolewa baada ya miezi miwili kwenye familia moja ya Bugolobi yenye mikogo. Wakwe walikuwa wametaja ukumbi na watu mia nne. Haji, kifua mbele, alijibu mbele ya wazee wote, "Mia nne tu?" Laki mbili na nusu kwa kila mwanamke ingemng'oa karibu laki tisa kila mwezi. Ukumbi ungeyeyuka, na yeye angeumbuka mbele ya wakwe. Hilo ndilo lililomnyima usingizi, si kingine.

Alijaribu kufikiri ampunguze nani. Mmoja alisukuma manda za kufungia nyama, mmoja alizibabua kwenye kikaango, mmoja alikata, wawili walikunja, mmoja alikaanga. Ukimtoa yeyote, watano waliobaki wanasimama mikono kiunoni. Akaulizia mashine ya kukunja, akatajiwa bei, akakata simu bila kuaga. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Nafuu aliipata kwenye hitima ya jirani. Sheikh Swaibu, binamu yake, mwalimu wa madrasa, mtu mwembamba mwenye imani nene, alisimama baada ya dua akahubiri juu ya mudharaba: mmoja anatoa mtaji, mwenzake anatoa jasho, na faida wanagawana kwa fungu walilopatana. Hapo hakuna bwana wala kibarua, akasema Sheikh, wote ni wabia. Na mbia, akaongeza, halipwi mshahara.

Halipwi mshahara! Haji nusura aangushe sahani ya pilau. Kama hakuna mshahara, kima cha chini kitamshika nani? Wale wanawake atawafanya wabia. Ataendelea kuwapa elfu nne zile zile, ila sasa zitaitwa masurufu. Halafu kila mwisho wa mwezi atagawana nao faida nusu kwa nusu, na kwa kuwa faida hakuna, kama anavyojulikana kusema, nusu ya hakuna ni hakuna. Alijisifu moyoni njia nzima, akajiona anastahili kiti bungeni.

"Niandikie kikaratasi tu, Sheikh," alisema kesho yake. "Kitu cha kumwonyesha afisa wa kazi akija."

Sheikh Swaibu machozi yalimlenga. Miaka ishirini anahubiri mudharaba na hakuna aliyewahi kumfuata, na leo ndugu yake wa damu ndiye wa kwanza! Hakuandika kikaratasi. Aliandika kurasa tatu, na ndani yake akaweka kwamba kazi ya jikoni ni ya wabia na mwenye mtaji asiiingilie, kwamba mkataba hauvunjwi ila pande zote mbili zikubali, na kwamba kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, baada ya alasiri, mwenye mtaji ataitaja faida mbele ya wote kwa yamini, yaani kwa kiapo.

"Hapa kwenye yamini," Haji akajikuna shingo, "hatuwezi kuaminiana tu?"

"Kwani ndugu yangu una nini cha kuficha?"

"Mimi? Astaghfirullahi!" Akatia sahihi kwa mbio, na mwenyekiti wa kijiji akagonga muhuri.

Wanawake walisomewa mkataba wamekaa juu ya magunia ya unga. Alum aliuliza kama Mkatoliki anaruhusiwa, Sheikh akasema anaruhusiwa bila shida. Adoch aliuliza jambo moja tu.

"Na kama iko hasara?"

"Hasara ni ya mwenye mtaji," Sheikh akasema. "Nyinyi mnapoteza jasho lenu tu."

"Haji, wewe umesoma hii karatasi kweli?" Adoch alimuuliza. Haji akatabasamu kama mtu mwerevu.

Kosa la Haji lilikuwa hili: alidhani wataendelea kuwa vibarua wenye jina jipya. Wao waliamini kweli kwamba ni wabia. Wiki ya kwanza tu, Adoch alisimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. Mashemeji, mabinamu na watoto wa mabinamu waliozoea kupita asubuhi kuchota sambusa za bure waliambiwa wanunue au wapite njia. Mafuta yaliyokuwa yakimwagwa hovyo yakaanza kuchujwa. Sambusa zilizopasuka, ambazo zamani zilitupiwa mbwa, zikauzwa kwa bei ya chini kwa madereva wa bodaboda, nao wakawa wanapanga foleni.

Wiki ya pili wakamgeukia Shafiq. Huyu alikuwa mpwa wa Haji, kijana wa miaka thelathini na miwili, aliyelipwa laki tatu kwa mwezi kwa cheo cha meneja. Umeneja wenyewe ulikuwa kukaa kwenye kiti cha plastiki na kuangalia mpira kwenye simu. Wabia walipiga kura wakiwa wamekunja miguu jikoni, mikono imejaa unga. Sita kwa sifuri. Basi mtu pekee aliyepoteza kazi kwa ajili ya kima cha chini hapo Ntinda alikuwa Shafiq, na mama yake alikuja kumlaani Haji mpaka majirani wakatoka nje.

"Mimi sina mamlaka, dada," Haji alijitetea. "Mkataba unanikataza kuingilia."

Na kweli ulimkataza. Siku moja aliingia jikoni kuonja nyama, kama alivyofanya kila asubuhi tangu jiko lianze, akajichukulia na sambusa kumi za kifungua kinywa. Adoch akamwambia atoke, na sambusa aziache. Haji aligeuka kwa Alum amtetee.

"Toka tu, Haji," Alum akasema kwa upole. "Sisi natafuta ile faida yako iliyopotea. Usituharibie."

Katikati ya mwezi, redio ilinyamaza kuhusu mishahara. Mswada ulirudi kabatini ulikotoka, au ulikwama mezani kwa mtu, hakuna aliyejali kueleza, na mtangazaji akahamia kwenye mashimo ya barabarani. Haji alifurahi dakika moja nzima. Kisha akaukumbuka mkataba wa kurasa tatu, na furaha ikamtoka.

Mwisho wa mwezi alijifungia chumbani akapiga hesabu yake ya siri. Akarudia. Ilikuwa milioni sita kamili. Wale wanawake, kwa kumwonea huruma, walikuwa wamemwongezea milioni na ushei. Nusu yake ilikuwa yao kwa sahihi yake mwenyewe. Haji alikaa kitandani akiutazama ukuta. Akapiga moyo konde, akakata kauli: atasema hakuna, kama siku zote, na yamini atajua namna ya kuipindisha pindisha, Mungu ni mwingi wa rehema.

Ijumaa ikafika. Walikaa uani baada ya alasiri, Sheikh kwenye kiti na karatasi zake, wanawake sita kwenye mkeka, Haji kwenye kigoda. Iman alikuwa akipita na birika la chai ya tangawizi, anammiminia kila mmoja.

"Haya, ndugu yangu," Sheikh akasema. "Faida."

"Faida, jamani..." Haji akafumba macho, akainua viganja. "Mnajua hali ilivyo. Nyama..."

"Namba, Haji."

"Hakuna," Haji akasema. "Sifuri."

Sheikh alifungua kinywa amtake yamini, lakini Alum alishasimama. Alikuwa amevaa gomesi yake ya kanisani, na mkononi ameshika bahasha ya khaki.

"Sheikh, ngoja kidogo. Haji asiapishwe, atapata aibu bure. Sisi nalijua itakuwa sifuri." Akamgeukia Haji. "Haji, sisi si watoto. Miaka yote hii ulikuwa natulipa na huna kitu. Mtu gani nafanya hivyo? Sasa Iman naolewa, na wale watu ya Bugolobi nataka ulishe watu mia nne. Utatoa wapi? Tulikaa, tukaongea. Hii ni mchango ya harusi. Laki tatu na nusu. Si nyingi, lakini ni mkono yetu."

Akaiweka bahasha juu ya magoti ya Haji. Haji akaitazama kana kwamba itamng'ata.

"Na kitu ingine," Alum akaendelea. "Tumeamua kama wabia. Ile masurufu ya elfu nne, mpaka harusi ipite, tupe elfu tatu tu. Hiyo elfu ingine weka kwa mtoto."

"Mimi nilikataa," Adoch akasema. "Iandikwe. Mimi nalikataa, wakanishinda na kura."

Hapo ndipo Haji Sadiq alipokosa pa kuuweka uso. Alikuwa amekimbia kima cha chini mpaka kimeshuka kwa hiari ya wenyewe, na kimeshukia mapajani mwake ndani ya bahasha. Akainua macho, akakutana na macho ya Iman, ambaye birika lilikuwa limemganda mkononi. Iman alijua. Yeye ndiye aliyekwenda na baba yake kulipa malipo ya kwanza ya ukumbi, noti mpya mpya, na aliona salio lililobaki.

"Baba," Iman akasema, basi.

Haji aliona haya, haya ya kweli, ambayo hakuwa ameyaona tangu utotoni. Pesa alizipenda, hilo halina mjadala, lakini ile bahasha ilikuwa nzito kupita kiasi.

"Milioni sita," akasema.

"Nini milioni sita?" Sheikh akauliza.

"Faida. Wallahi. Ya mwezi huu."

Adoch alianza kuhesabu kwa vidole, midomo ikicheza.

"Mwezi huu peke yake?" Alum akauliza.

"Mwezi huu ni sita. Mingine... nne na laki nane. Tano wakati mwingine."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi, Mama Alum."

Alum aliinama, akaichukua bahasha yake magotini mwa Haji, akaikunja, akaitia kifuani ndani ya gomesi.

"Hata ile wakati ya korona?"

Wote walijua anauliza nini. Mabaa yalipofungwa, Haji aliwaambia jiko limekufa. Kwa miezi minne aliwapa kilo mbili za unga kwa wiki badala ya mshahara, na wao wakaendelea kukunja sambusa za kupeleka majumbani, wakiamini wanasaidiana kulibakiza jiko hai. Shule zilipofunguliwa tena, Alum hakuwa na karo. Binti yake Akidi hakurudi darasani, na mpaka leo alikuwa anauza kadi za simu chini ya mwavuli barabarani.

"Hata wakati ule," Haji akasema. "Ilikuwa ndogo. Lakini ilikuwepo."

"Mimi nilikuombea," Alum akasema. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kila Jumapili. Nilikuwa napiga magoti nasema, Mungu, mpe Haji faida kidogo tu, yule mzee nateseka. Kumbe Mungu alikuwa ananisikia tangu siku ya kwanza, anabaki kunishangaa tu."

Iman aliweka birika chini akaingia ndani. Haji alisikia mlango ukifungwa, akataka ardhi ipasuke immeze na kigoda chake.

"Nisameheni," akasema, na maneno yakaanza kumtoka mbio mbio. "Nimekosa. Sikilizeni, tuachane na haya mambo ya ubia, turudi kwenye mshahara kama watu wote. Kuanzia kesho nawalipa laki mbili na nusu kila mmoja. Ile ile ya redioni! Kamili, hata sheria yenyewe haijapita. Nawaomba."

Adoch alikuwa amemaliza kuhesabu. Alicheka mpaka akakohoa, mwenzake akampiga mgongoni.

"Haji, wewe ni mtu ya ajabu sana! Sita gawa mara mbili, tatu. Tatu gawa watu sita, laki tano. Sasa wewe nataka kutupunguza nusu, halafu tuseme asante?"

"Mkataba hauvunjwi ila wote wakubali," Sheikh akasoma. "Nani anakubali?"

Hakuna aliyenyoosha mkono isipokuwa Haji. Alipotazama kushoto na kulia akaona yuko peke yake, akaushusha polepole.

"Basi andika nusu, Sheikh," Alum akasema. "Andika vizuri."

Sheikh akaandika, akabonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Haji akaketi akihesabu kimoyomoyo. Kwa fungu lililobaki, ukumbi ule ulikuwa umekwenda na maji. Labda watu mia. Labda themanini, hapa hapa uani, na wale wa Bugolobi wakivimba, wavimbe.

"Na sambusa za harusi?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nimehesabu zitoke sambusa mia tano."

"Shilingi mia nane kila moja," Adoch akajibu. "Na malipo mbele. Sisi hapana kopesha watu ya familia."

Wanawake walianza kuinuka, wanakung'uta magauni, kwa sababu vijana wa bodaboda wa kupeleka mzigo Kabalagala walishaanza kupiga honi getini na mafuta yalikuwa bado baridi. Haji akamfuata Alum mpaka mlangoni mwa jiko, akaishia pale kwenye kizingiti, kwa kuwa ndani haruhusiwi.

"Mama Alum," akasema, "niambie tu kwamba umenisamehe."

Alum alikuwa anawasha makaa. Alipuliza mara mbili kabla ya kujibu.

"Msamaha iko kwa padri, Haji, na kwa Sheikh pia iko. Kwangu mimi iko karo ya Akidi."

Haji akauliza ni kiasi gani. Alum akamtajia miaka yote aliyokosa binti yake, muhula kwa muhula, na hakumpunguzia hata shilingi.